Mkwe Wangu, Betri na Ukuta Uliokuwa Kati Yetu

Kama umeruhusiwa hospitalini na kupewa mashine ya oksijeni ya kwenda nayo nyumbani, na sasa unajiuliza itakuwaje umeme ukikatika, vuta kiti tuongee. Mimi nimeyapitia. Ninaandika nikiwa barazani kwangu, Ikuti, wilayani Rungwe, mrija wa puani nimeuvua tangu asubuhi, na chai yangu naipuliza mwenyewe. Mwaka juzi kupuliza chai kulinishinda. Mke wangu, Tumpe, alikuwa anaimimina kutoka kikombe hiki hadi kile mpaka ipoe, nami nimekaa namtazama tu.

Habari za mapafu sitakueleza, maana hata nilipoelezwa sikuambulia kitu. Ninachojua ni kwamba nimechoma matofali tangu ujana, na moshi wa tanuru niliuongezea na wa sigara, kana kwamba ule wa kwanza haukutosha. Kikohozi nilikizoea kama mtu anavyomzoea jirani mlevi. Kilima cha kwenda kanisani kiliponishinda, nikasema ni uzee. Sauti ya besi ilipokata kwenye kwaya, nikasema ni koo. Tumpe akaniambia, "Baba Lusajo, mficha maradhi kifo humuumbua." Nikamjibu kwamba sifichi, ninapumzika. Wiki ile ile nilibebwa kwa bajaji kama mkungu wa ndizi.

Zilikuwa siku za masika, na hospitalini wodi ya kifua ilikuwa imejaa. Nilichojifunza kule ni kwamba wagonjwa wa pumzi hawapigi soga. Tulikaa kwenye benchi refu tukisubiri kupimwa, kila mtu amejishika magoti, tunasalimiana kwa nyusi. Mwili wangu ulikuwa umeanza kuhama taratibu. Mkanda niliutoboa matundu mapya kwa msumari, kucha zikawa na rangi ya zambarau, na mrija ukanichubua nyuma ya masikio mpaka Tumpe akauviringishia pamba. Lakini Mungu hakosi kuacha mlango. Mama mmoja aliyeuza uji getini alikuwa ananiletea kikombe cha kwanza, kabla sukari haijatuama chini, eti mgonjwa haulizwi uji. Sikuwahi kumwomba, naye hakuwahi kusubiri nimwombe.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alinikalisha kwenye kiti mbele yake. Akasema nitakwenda nyumbani na mashine, na kwa miezi ya mwanzo isizimike kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mzee, umeme wa huko kwenu ukoje?"

Nesi akacheka. Tumpe akacheka. Mimi nilitaka kucheka, pumzi ikakataa. Mtu yeyote aliyeishi Rungwe anajua mvua ikianza, na mti ukiangukia waya huko bondeni, mnaweza kulala na mishumaa mkaamka nayo.

Daktari hakucheka. Alisema ama tutafute umeme wa akiba unaoaminika, ama nikaishi Mbeya kwa mdogo wangu, karibu na hospitali kubwa. Mdogo wangu nampenda, lakini nyumba yake ina geti, ina mbwa wawili, na haina mgomba hata mmoja. Mtu akitaka kunisalimia kule itabidi apige simu kwanza. Nilijua nikienda pale nitapumua vizuri na nitakufa kwa upweke. Basi shida yangu ikawa hiyo moja: kubaki kwangu au kuhamishwa.

Mwanangu Lusajo, ambaye ni dereva wa lori na hakai nyumbani, alikuwa wa kwanza kuhangaika. Alileta kile kiboksi wanachoweka chini ya kompyuta kwenye maduka ya kuchapa barua. Muuzaji alimhakikishia kwamba umeme ukikata, kompyuta haizimiki. Ni kweli haizimiki, inapewa nafasi ya kuhifadhi kazi yake na kuaga. Kwangu umeme ulipokata, kiboksi kililia na kikazima kabla Tumpe hajaona kiberiti kilipo. Nilirudishwa hospitali nimefunikwa turubai. Baada ya hapo akaazima betri ya gari. Ilifanya kazi vizuri majuma machache, kisha ikachoka kabisa, na hapo ndipo jina la Sekela likatajwa.

Sekela ni mke wa Lusajo. Alisomea umeme chuo cha ufundi, na anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya sola Tukuyu mjini. Mtu atauliza, mlikuwa na fundi nyumbani, mbona mlihangaika na viboksi? Hapa itabidi nieleze mila.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hali naye, haingii chumba alichomo, na wakikaribia kukutana njiani mmoja wao hupita migombani. Si chuki, ni heshima. Siku hizi wengi wameiacha, hasa watu wa mjini, lakini nyumbani kwangu tuliishika, na mlinzi wake mkuu alikuwa dada yangu Subilaga, ambaye ni mkubwa kwangu na kwa kila mtu. Tangu Sekela aolewe na kuishi nyumba ya uani, mimi nilikuwa nimemwona kisogo na kanga basi. Kumtuma fundi ambaye huwezi kumtazama, nani angeliwaza hilo?

Ila shida haina adabu. Siku moja Sekela akasimama nje ya dirisha langu, Tumpe akasimama katikati ya mlango, na kazi ikaanza.

"Mama, naomba umwulize baba, nyuma ya mashine pameandikwa wati ngapi."

Tumpe akanigeukia. "Anauliza wati ngapi."

Nilikuwa nimesikia. Kati yangu na Sekela palikuwa na ukuta wa tofali moja, tena tofali nililolichoma mwenyewe. "Mwambie mia tatu na hamsini."

"Anasema mia tatu na hamsini."

"Nimesikia, mama. Sasa mwulize, umeme ukikata kwa muda mrefu kabisa, huwa unarudi baada ya saa ngapi?"

Hivyo ndivyo tulivyochagua betri, maneno yakipita kwa Tumpe kama barua kwenye posta. Alichotufundisha nakupa kama kilivyo. Usianze na betri, anza na mashine: inakula kiasi gani, na itakaa gizani kwa muda gani. Ukishapata jibu, lizidishe mara mbili, kwa sababu betri za maji hazipendi kukamuliwa mpaka mwisho. Ukifika nusu, acha. Betri ya gari imezoea kutoa nguvu nyingi kwa mara moja gari liwake, kisha ipumzike. Sisi tulihitaji zile za sola, zinazotoa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Na inveta, lile boksi linalogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, iwe ya kutoa umeme laini, maana za rahisi zinaichosha mota ya mashine. Kuna betri nyingine nyepesi zisizotaka maji, nazo ni nzuri sana, lakini mfuko wetu ulizikataa.

Lusajo alipopata siku za kupumzika akazifunga. Betri zikakaa stoo ya nyuma, juu ya mbao, dirisha likiwa wazi, na waya mmoja ukapenya ukutani hadi chumbani kwangu. Upande wa stoo ukawa wa Sekela, upande wa chumba ukawa wangu. Tumpe alitaka kuzifunika blanketi kwa sababu ya baridi yetu hii. Sekela akamwambia betri inataka hewa, si blanketi. Tumpe akauliza, basi hayo maji zinayokunywa, kwa nini tununue dukani wakati ya mlima Rungwe watu wanayatia kwenye chupa na kuyauza mpaka Dar? Sekela akasema, kwa upole wa mtu anayeongea na mama mkwe, "Mama, maji yetu ni matamu kwa sababu yana vitu ndani yake. Betri inataka maji yasiyo na kitu." Kwa mara ya kwanza nilisikia maji ya Rungwe yakikataliwa mahali.

Mambo yakaenda. Umeme ukikata, mashine inaguna kidogo na kuendelea, nami naendelea na usingizi. Masika yakaisha, kipupwe kikaingia na ukungu wake, nikaanza kutembea hadi mlangoni. Na wageni wakaanza kumiminika.

Mtu wa kwetu akiugua, hatumwachi peke yake. Walikuja na ndizi, maziwa, parachichi, kuni, na nyimbo. Wakishakaa, mmoja ananisalimu kikwetu, "Ndaga, Baba Lusajo, hapa naona umeme upo," na simu inatoka mfukoni. Mwingine naye anatoa yake. Kijiji kizima kikiwa giza, chumbani kwangu palikuwa na mwanga, basi utamwambiaje mtu aliyekuletea maziwa kwamba simu yake ife? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumpe akaweka sabufa ili wanakwaya waniimbie kwa ala. Kisha baridi ilipozidi, akaleta boksi la vifaranga vyake na kuvitundikia balbu kubwa ya moto kwenye kona. Daktari alikataza moshi, vumbi na paka. Vifaranga hakuvitaja.

Betri zikaanza kuisha mapema. Zilizokuwa zikinifikisha asubuhi, sasa zinalia kabla watu hawajalala. Sekela akapima maji, akaongeza. Akasugua vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe, akavipaka grisi. Akabadilisha waya, akabadilisha chaja, akampigia aliyetuuzia na kumsema mpaka nikamhurumia. Kila baada ya siku chache alisimama dirishani akiuliza:

"Mama, una hakika chumbani hakuna kitu kingine kilichochomekwa?"

"Hakuna, mwanangu. Ni mashine tu."

Tumpe hakudanganya. Kwake kifaranga si kitu cha umeme, ni kuku. Na simu ya mgeni si kitu, ni mgeni. Mimi nilikuwa nimelala palepale, balbu ile inanimulika usoni, nikasikia swali na jibu lake, na sikuona kosa lolote. Fundi peke yake ambaye angeliona kwa kutupa jicho mara moja ndiye ambaye hakuruhusiwa kuvuka mlango.

Mashine ikazima mara mbili kwa usiku tofauti. Kliniki iliyofuata daktari alinibana kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, akatazama namba, akavua miwani. "Mzee, tumejaribu. Wiki ijayo uende Mbeya."  Tulipofika nyumbani mimi na Tumpe tukagombana. Alisema ninamuua kwa kukosa usingizi, kila mashine ikikohoa anaruka. Nikamwambia kama amenichoka anipeleke leo. Akalia, nami nikaona aibu, lakini sikuwa na pumzi ya kuomba radhi ndefu, nikamshika mkono tu. Kesho yake akapanga nguo zangu kwenye begi. Lusajo akapiga simu kwamba anakuja Jumamosi na gari. Niliitazama migomba dirishani kama mtu anayeagana na ndugu zake.

Ijumaa kulikuwa na mazishi Nkunga, na Tumpe hakuweza kukosa. Marehemu alikuwa shoga yake. Aliniacha nimekula, mashine inaunguruma, wageni wa asubuhi wameniaga na kuahidi kuzifuata simu zao jioni. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Mchana mvua isiyo na msimu, ile ya kwetu isiyojali kalenda, ikashuka juu ya bati. Ndipo inveta ikaanza kulia kule stoo.

Nikamsikia Sekela, ambaye siku ile hakwenda dukani, akikimbia uani. Nikamsikia stoo. Kisha akasimama dirishani.

"Mama?" Kimya. "Mama yupo?"

Mlio ukawa mrefu, na mashine ikanyamaza.

"Baba," akasema, na hilo lilikuwa neno la kwanza aliloniambia tangu aingie kwenye ukoo wetu. "Baba, unanisikia?"

Sikujibu. Mwanzo sikujibu kwa heshima, halafu kwa kukosa pumzi. Nilikuwa nimeinama mbele, mikono kwenye magoti, najaribu kuvuta hewa ambayo ilikuwa imejaa chumba kizima na haitaki kuingia kwangu. Niliogopa. Sitajifanya shujaa, niliogopa sana, na nilimwomba Mungu Tumpe asinikute vile.

Mlango ukafunguka. Sekela aliingia amejifunika kanga mpaka machoni, anatembea ubavu ubavu akitazama ukuta, anasema, "Baba nisamehe, baba nisamehe." Akafika kwenye soketi, na hapo akasahau kutazama ukuta. Aliziona simu zimelala juu ya meza kama dagaa. Aliiona sabufa. Aliiona balbu. Akafunua boksi, na vifaranga vikampigia kelele.

"Mama yangu," akasema taratibu. "Kumbe nilikuwa nalisha kuku."

Aling'oa kila kitu isipokuwa mashine, akakimbia stoo, akaiwasha inveta upya. Mashine ikaguna, hewa ikaja. Akarudi, akaniegemeza vizuri, akasema kilichobaki kwenye betri ni kidogo, tusikitegemee. Palepale akampigia mzee wa kanisa, na haikuchukua muda bodaboda ikaingia uani na betri ya spika za kwaya imefungwa nyuma, imefunikwa nailoni. Sekela akaiunganisha. Mlio ukakatika.

Tulikaa hivyo mpaka Tumpe aliporudi, mimi kitandani, yeye chini kwenye mkeka, mvua ikipiga. Kwa muda hakuna aliyejua pa kutazama. Kisha kifaranga kimoja kikaruka nje ya boksi, kikatembea juu ya mguu wake, naye akacheka. Ana mwanya. Mwanangu ameoa mke mwenye mwanya mzuri namna ile, na ilibidi nikaribie kufa ndipo nijue.

Jumamosi Lusajo alikuja na gari, akalikuta begi liko wazi na nguo zimetundikwa. Sekela aliomba siku chache kwa daktari kwa njia ya simu, ajaribu mashine ikiwa peke yake. Umeme ulikata, kama tulivyoutarajia, na betri zikanivusha hadi asubuhi na chenji ikabaki. Vifaranga vilihamia nyumba ya uani. Wageni tuliwawekea kipande kidogo cha sola barazani, chenye nyaya zake za simu, na hakuna aliyenuna. Daktari alipoona namba za kidole changu, hakuitaja Mbeya tena. Mpaka parachichi zilipoiva tena nilikuwa natumia mashine nikilala tu, na mkanda wangu umerudi nyuma tundu moja.

Ushauri wangu basi ni huu. Nunua betri zinazofaa, zipe maji yake, zisafishe, zisiwekwe mahali pa joto wala pa kufunikwa. Lakini zaidi ya yote, anayezitunza aingie mpaka ilipo mashine. Mweke mbele yake kila kinachotumia umeme, hata kama kina manyoya.

Habari za Sekela kuingia chumbani kwangu zilifika kwa dada Subilaga kabla sijapona vizuri. Alikuja mwenyewe, na ndizi zake kichwani na fimbo mkononi, akakaa hapa barazani, akakataa chai. Wakati huo Sekela alikuwa ndani akikagua waya, tukimsikia.

"Gwe, wewe," dada akaniambia, "nimesikia mkwe anaingia chumbani kwako. Nikasema ni maneno ya watu."

"Ni kweli, dada."

"Yaani mkwe anasimama kando ya kitanda chako?"

"Dada, siku ile asingeingia yeye peke yake, kesho yake mngeingia ninyi nyote. Na wewe ndiye ungetangulia, unalia."

 Dada alitazama mlango wa chumba, mlango ambao wazazi wetu wote wawili walitolewa kupitia hapo siku ya kuzikwa. Sekela akatokea na kitambaa mkononi, akatuona, akageuka haraka kutafuta njia ya nyuma. Dada akaweka fimbo chini, akasogea pembeni, akapigapiga ubao wa benchi kwa kiganja.

"Usikimbie, mama," akamwambia. "Njoo ukae hapa kati yetu."